Hitilafu ya mwaka 2000 na vifaa vya mtandao vya idara ya chuo kikuu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wanaosomea mitandao leo hukutana na jina Y2K (kifupi cha Kiingereza cha mwaka 2000) kama mzaha: watu waliogopa, saa sita usiku ikafika, taa zikabaki zinawaka. Ukurasa huu unajibu maswali yao kuhusu sehemu moja tu ya habari ile, yaani idara ya chuo kikuu. Mifano mingi ni ya Marekani na Uingereza, ambako idara zilikuwa na mitandao yao, mara nyingi na fundi mmoja na kabati lililojaa vifaa vilivyonunuliwa kwa fedha za miradi tofauti.

Hitilafu yenyewe ilikuwa nini?

Programu nyingi za zamani zilihifadhi mwaka kwa tarakimu mbili: 85, 92, 99. Enzi za kadi za kutoboa zenye safu 80, na hata baadaye kumbukumbu ya kompyuta ilipokuwa ghali, kuiacha "19" kulikuwa akiba ya kweli. Baada ya 99 inakuja 00, na programu haina namna ya kujua kama ni 1900 au 2000. Hesabu ya muda uliopita inakuwa hasi, orodha inajipanga kinyume, na kilichonunuliwa jana kinaonekana kina umri wa karne.

Ndani ya jina hilohilo kulikuwa na makosa mengine mawili. La kwanza ni mwaka mrefu. Mwaka unaogawanyika kwa 100 hauna 29 Februari, isipokuwa ukigawanyika pia kwa 400, kama ulivyo 2000. Mwandishi wa programu aliyejua kanuni ya 100 bila kujua ya 400 alikosea. Yule mvivu aliyejua "kila baada ya miaka minne" tu akapata jibu sahihi. La pili ni la lugha ya C na jamaa zake, ambazo hurudisha mwaka kama idadi ya miaka tangu 1900. Mwaka 2000 ni 100. Aliyebandika "19" mbele ya namba hiyo alipata 19100.

Je, ruta na swichi zenyewe zilikuwa hatarini?

Kwa kazi yao kuu, yaani kupitisha data, kwa kiasi kikubwa hapana. Fremu ya Ethernet, kifurushi cha data kwenye mtandao wa jengo, haina tarehe. Pakiti ya IP, kifurushi kinachosafiri kati ya mitandao, haina tarehe. Hata ile nyongeza yake ya kurekodi wakati, ambayo hutumika kwa nadra, huhesabu milisekunde tangu usiku wa manane na haijui mwaka. RIP, itifaki ya kutafuta njia iliyokuwa kwenye mitandao midogo mingi, huhesabu sekunde tangu taarifa ya mwisho ilipofika. Kifaa kinachopitisha pakiti hujali kama dakika tatu zimepita, mwaka hakiuulizi.

Juni 1999 ilitoka RFC 2626 (RFC ni hati za kiufundi za intaneti), ripoti ya kikundi kilichopitia hati za itifaki za intaneti kutafuta tatizo hili. Mengi waliyoyaona yalikuwa pembezoni: miundo ya tarehe kwenye barua pepe za zamani, kwenye habari za Usenet (vikundi vya mijadala), kwenye vichwa vya HTTP (itifaki ya kurasa za wavuti). Barabara yenyewe ilikuwa salama.

Kama ni hivyo, idara zilihangaikia nini?

Zilihangaikia kila kilichoizunguka pakiti. Kompyuta ya kusimamia mtandao. Seva inayotoa majina na ile inayotunza nywila. Logi, yaani kumbukumbu za matukio. Leseni za programu zenye tarehe ya kuisha. Vifaa vya kupokea simu za modemu, ambavyo viliandika nani aliingia lini na kwa muda gani. Programu ya nakala rudufu, inayoamua mkanda upi umezeeka na unaweza kuandikwa juu yake. Kuna pia vitu ambavyo hakuna aliyeviita vya mtandao ila vilikuwa na waya wa mtandao: UPS (betri ya akiba ya umeme), milango ya kadi, swichibodi ya simu, kompyuta ya maabara inayosukuma data kwenye seva.

Ukinibana niseme jambo moja tu kuhusu maandalizi yale, nitasema hili: kutengeneza ndiko kulikochukua muda mfupi. Muda mrefu ulikwenda katika kujua kilichopo na mwenyewe ni nani.

Kazi ilianzia wapi basi?

Kwenye orodha ya vifaa, na hapo idara nyingi zilijiona uchi. Daftari la mali la chuo liliandika "kompyuta, moja". Halikusema ina BIOS (programu inayoiamsha kompyuta ikiwashwa) ya mwaka gani, inaendesha mfumo endeshi gani, wala kwamba mtafiti aliyehamia kwingine miaka kadhaa nyuma aliiacha ikiendesha seva ya kuchapisha chini ya meza. Habu, visanduku rahisi vya kuunganisha waya za mtandao, zilikuwa juu ya dari, nyuma ya kabati za vitabu, ndani ya vyumba ambavyo ufunguo wake alikuwa nao msafishaji.

Fundi mwerevu hakuanza kwa kuzunguka vyumbani. Aliuuliza mtandao kwanza. Ruta ya jengo ina jedwali linalooanisha anwani za IP na anwani za MAC (namba ambazo vifaa hupewa kiwandani), na baiti tatu za mwanzo za anwani ya MAC hutaja mtengenezaji, kwa kuwa shirika la viwango la IEEE huzigawa kwa kila kampuni. Kwa hiyo kabla hajainuka kwenye kiti alijua kuna kompyuta za Sun ngapi, za Digital ngapi, na printa ngapi za Hewlett-Packard. Swichi zilizoweza kusimamiwa zilijibu kwa SNMP, itifaki ya kusimamia vifaa vya mtandao, na kujitaja zenyewe pamoja na toleo la programu lililomo. Jedwali la swichi likaonyesha anwani ipi iko kwenye tundu lipi. Ndipo safari ya vyumbani ikaanza, akiwa na karatasi inayosema tundu la 14 lina kitu ambacho hakuna anayekikiri.

Safu za orodha iliyofaa zilikuwa hivi: kifaa, chumba, tundu, mtengenezaji, toleo la femuwea (programu iliyomo ndani ya kifaa), kina saa au hakina, saa hiyo inatumika kwa nini, na nani anaamua kuhusu kifaa hicho. Safu ya mwisho ndiyo iliyoleta ugomvi. Ruta ya jengo mara nyingi ilikuwa ya kituo cha kompyuta cha chuo, swichi za idara, kompyuta za mradi wa profesa fulani aliyezinunua kwa ruzuku na asiyetaka ziguswe katikati ya jaribio. Fundi wa ngazi ya chini hamwamrishi profesa. Alimwendea kwa heshima, akiwa na barua ya mkuu wa idara mkononi.

Habu ndogo isiyo na usimamizi wowote nayo ilihitaji kukaguliwa?

Iandikwe kwenye orodha, ifutwe vumbi, iachwe. Haina saa.

Mtengenezaji akisema kifaa "kinakidhi mwaka 2000", ilitosha?

Ilitegemea amesema nini hasa. Uingereza kulikuwa na kipimo kilichotumika sana, PD2000-1 cha shirika la viwango la BSI, chenye masharti manne: tarehe ya leo yoyote isisimamishe kazi, hesabu za tarehe zitoe matokeo yaleyale kabla, wakati na baada ya 2000, karne ijulikane bila utata popote tarehe inapohifadhiwa au kupitishwa, na 2000 utambuliwe kuwa mwaka mrefu. Tamko lililotaja kipimo kama hicho, pamoja na namba kamili ya toleo la femuwea, lilikuwa na uzito. Tamko la "bidhaa zetu ziko tayari" lilikuwa tangazo la biashara.

Marekani kampuni ziliogopa kusema lolote, maana neno lolote lingeweza kuwafikisha mahakamani. Oktoba 1998 ikapitishwa sheria ya kulinda waliotoa taarifa za maandalizi kwa nia njema, na kurasa za matamko zikaongezeka.

Shida kubwa zaidi ilikuwa kumpata wa kumuuliza. Miaka ya tisini kampuni za mitandao zilimezana. SynOptics na Wellfleet ziliungana mwaka 1994 zikawa Bay Networks, na Bay ikanunuliwa na Nortel mwaka 1998. Chipcom ilikwenda 3Com. Digital iliuza biashara yake ya vifaa vya mtandao kwa Cabletron, kisha yenyewe ikanunuliwa na Compaq. Kwa hiyo habu yenye nembo ya Digital ukutani, swali lake lilipelekwa Cabletron, na mfanyakazi wa Cabletron aliyepokea simu huenda hajawahi kuiona. Kifaa kisicho na mtu wa kukisemea kiliingia kundi la "pima mwenyewe au badilisha".

Ruta yetu ya zamani ikiwashwa inaonyesha 1 Machi 1993. Hiyo ndiyo Y2K?

Hapana. Ruta nyingi ndogo za Cisco hazikuwa na betri ya kutunza saa. Zikizimwa husahau tarehe, na zikiwashwa IOS (mfumo endeshi wa Cisco) ya wakati ule ilianza kuhesabu kutoka 1 Machi 1993. Nyota (*) inayoonekana mbele ya saa kwenye logi maana yake kifaa chenyewe hakiiamini saa yake. Watu walioona hivyo Januari 2000 baada ya umeme kukatika walipiga simu kwa hofu, kumbe ruta ilikuwa ikifanya hivyo tangu siku iliyonunuliwa. Dawa ni kuielekeza kwenye seva ya NTP, itifaki ya kugawa saa sahihi.

Logi ziliathirika vipi?

Syslog, mfumo wa logi wa asili wa Unix, huandika mwezi, siku na saa, bila mwaka kabisa. "Dec 31 23:59:59" kisha "Jan 1 00:00:00". Hakuna cha kuharibika, kwa kuwa hakuna mwaka wa kukosewa.

Kilichovunjika ni hati ndogo (programu fupi) za kusoma logi, zile zilizoandikwa kwa lugha ya Perl na mwanafunzi wa kazi za likizo, zikikisia mwaka au kuubandika wenyewe. Faili zilizoitwa kwa tarakimu mbili, mfano logi.991231, zilifuatwa na logi.000101, ambayo katika orodha inakaa juu kabisa. Hati ya "futa iliyo ya zamani kuliko zote" ikaifuta ya leo. Hizi hati hazikuwa na mtengenezaji wa kutoa tamko. Aliyetaka kuzijua alitafuta "19" na "%y" (alama ya mwaka wa tarakimu mbili) ndani ya kila faili la hati kwenye seva, na akasoma kwa macho.

DNS ilikuwa na tatizo gani?

Swali hili huulizwa mara chache kuliko linavyostahili, na nalipenda.

Kila eneo la DNS, mfumo wa majina ya intaneti, lina namba ya mfululizo. Seva ya pili huuliza seva kuu: namba yako ni ngapi? Ikiwa kubwa kuliko aliyonayo, inanakili upya. Ikiwa ndogo, inaona haina haja. Desturi ikawa kuandika tarehe kama namba, na RFC 1912 ilishauri mwaka kamili: 1999123101. Lakini wapo waliofupisha: 99123101. Asubuhi ya 1 Januari wangeandika 00010101, namba ndogo mno kuliko ya jana. Seva ya pili ingebaki na majina ya zamani, bila kelele, huku nusu ya watumiaji wakipata jibu la zamani na nusu jipya, kulingana na seva iliyowajibu. Hitilafu ya aina hii ni mbaya kuliko kuzimika, kwa sababu kila anayelalamika anaonekana anaota.

Dawa ilikuwa rahisi: hamia tarakimu nne mapema. 2000010101 ni kubwa kuliko 99123101, na tofauti yake haivuki nusu ya nafasi ya biti 32, kwa hiyo kanuni ya ulinganishaji ya DNS inaikubali kuwa mbele. Badiliko la mstari mmoja, ukikumbuka.

Na NTP? Si ndiyo inayogawa saa kwa wote?

NTP huhesabu sekunde tangu 1 Januari 1900 kwa biti 32. Haina tarakimu za mwaka, kwa hiyo 2000 haikuigusa. Hesabu yake inajaa 7 Februari 2036.

Hatari ilikuwa kwenye chanzo cha saa. Idara zilizokuwa na kipokezi cha GPS juu ya paa zilikuwa na tarehe yao ya hofu kabla ya Desemba. GPS hutangaza namba ya wiki kwa biti 10, tangu 6 Januari 1980. Wiki 1024 zilitimia usiku wa kuamkia 22 Agosti 1999, na namba ikarudi sifuri. Kipokezi kisichojua jambo hilo kingeweza kudai ni Januari 1980. Siku hiyo baadhi ya vifaa vya kuongozea magari nchini Japani viligoma. Ushauri uliokuwa na akili: usitegemee chanzo kimoja. Ipe NTP vyanzo kadhaa tofauti, iweze kumtambua mwongo na kumwacha.

Kompyuta ya kusimamia mtandao ndiyo iliyokuwa tatizo kubwa?

Katika idara nyingi, naona ndiyo. Mara nyingi ilikuwa PC ya zamani iliyostaafishwa kutoka kwa katibu muhtasi.

PC za ukoo wa IBM AT zilitumia chipu ya saa inayohifadhi mwaka kwa tarakimu mbili. Karne iliwekwa kwenye baiti nyingine ya CMOS (kumbukumbu ndogo inayotunzwa na betri), ambayo chipu haikuijali. BIOS ndiyo iliyotakiwa kuipandisha. BIOS ambazo hazikufanya hivyo zilirudi 1900, na mfumo endeshi wa DOS, ambao haujui tarehe kabla ya 1980, ukaonyesha 4 Januari 1980. Nyingine zilivuka vizuri zikiwa zimewashwa lakini zikakosea zikiwa zimezimwa, kwa hiyo jaribio moja halikutosha. Baadhi zilihitaji tu mtu azirekebishe kwa mkono mara moja, basi.

Juu yake kulikuwa na mfumo endeshi. Windows NT 4.0 ilihitaji angalau Service Pack 4 ya mwaka 1998 na nyongeza zilizofuata. Waliokuwa na NetWare 3.11 walisukumwa kwenda 3.2 au mbele zaidi. Windows 3.1 ilikuwa na kichekesho chake: File Manager iliandika mwaka 2000 kama ":0". Faili zilikuwa salama, macho tu ndiyo yaliyoshtuka. SunOS 4, iliyokuwa bado hai kwenye idara za sayansi na uhandisi, ilikuwa na viraka (marekebisho ya programu), lakini wengi waliona afadhali kuhamia Solaris. Wakuu wa idara waliokataa bajeti kwa miaka wakaikubali ghafla. Mafundi kadhaa waliitumia nafasi hiyo vizuri kuliko ilivyostahili, na siwalaumu.

Kupima kulifanywaje? Si kupeleka saa mbele tu?

Hapo ndipo palipozaa ajali ambazo hitilafu yenyewe isingezileta.

Peleka saa ya seva hai mbele mpaka Januari 2000, uone: leseni zinaisha, na baadhi ya programu za leseni zikigundua saa imerudishwa nyuma zinakataa kufunguka kabisa, zikidhani unadanganya. Nywila zinaisha muda. Programu ya nakala rudufu inaona mikanda yote imepitwa na wakati. Faili zilizoandikwa wakati wa jaribio zinabaki na tarehe ya kesho kutwa, na zana za kujenga programu zinachanganyikiwa. Kerberos (mfumo wa kuthibitisha watumiaji), inayovumilia tofauti ya dakika tano, inamkataa kila mtu.

Kwa hiyo waliofanya vizuri walijenga mtandao mdogo wa pembeni: swichi moja, ruta ya akiba, seva moja iliyonakiliwa, PC moja, hakuna waya kwenda chuoni na hakuna NTP. Nakala rudufu kamili kwanza. Kisha saa 5:55 usiku, 31 Desemba 1999, wakaacha ivuke ikiwa imewashwa. Wakarudia ikiwa imezimwa. Wakazima na kuwasha tena baada ya kuvuka, maana kuna vifaa vilivyovuka salama na kusahau baada ya kuwashwa upya. Mwisho hawakurudisha saa tu. Walifuta na kurejesha kila kitu kutoka kwenye nakala rudufu.

Tarehe zipi zilipimwa?

31 Desemba 1999 kwenda 1 Januari; 28 na 29 Februari 2000, na 1 Machi; halafu 31 Desemba 2000, siku ya 366, iliyosahauliwa na wengi. Siku hiyo Norway treni kadhaa mpya zilikataa kuwaka kwa sababu ya tarehe. Wapo waliopima pia 9 Septemba 1999, wakihofu programu zilizotumia 9999 kuashiria mwisho wa data. Hiyo haikuleta kitu cha maana.

Idara isiyo na fedha ilifanyaje?

Ilipanga. Kifaa kisichotumia tarehe kwa lolote kiliachwa. Kifaa kinachoonyesha tarehe mbaya ila kazi yake haiathiriki kilibandikwa karatasi: "tarehe si sahihi". Mashine ya maabara yenye PC isiyobadilishika, kwa kuwa programu yake iliandikwa na kampuni iliyokufa, ilitengwa na mtandao na saa yake ikarudishwa miaka 28 nyuma. Kalenda hujirudia kila baada ya miaka 28: 1972 ulikuwa mwaka mrefu na ulianza Jumamosi, sawa na 2000. Siku za wiki zinabaki sahihi, na mtafiti anajumlisha 28 kwenye daftari lake. Si suluhisho la kujivunia, lakini mashine ya thamani kubwa haikutupwa kwa ajili ya chipu.

Usiku wenyewe ulikuwaje? Vifaa vilizimwa?

Kwanza, kazi ya kweli ilikuwa imekwisha wiki kadhaa kabla. Mabadiliko yalisimamishwa, usanidi wa kila ruta na swichi ulichapishwa kwenye karatasi, na orodha ya simu ikabandikwa mlangoni, pamoja na simu za mezani za nyumbani, kwa sababu haikujulikana kama mitandao ya simu za mkononi ingehimili wingi wa salamu.

Kuhusu kuzima, maoni yaligawanyika. Hoja ya kuzima ilikuwa umeme: kama gridi ikiyumba, kifaa kilichozimwa hakiungui. Hoja ya kuacha ilikuwa kwamba diski na vipoza umeme vya miaka mingi vikipoa, vingine haviwaki tena. Mimi ningezima PC za wanafunzi na kuacha swichi na ruta.

Jambo lililowapita wengi ni saa za dunia. Vifaa vingi vya mtandao huwekwa UTC, saa ya pamoja ya dunia. London hakukuwa na tofauti. Los Angeles, UTC ilivuka saa kumi jioni ya 31 Desemba, mchana kweupe, fundi akiwa bado ofisini. Kwa aliyekuwa Nairobi au Dar es Salaam, ilikuwa saa tisa usiku: aliyefunga ofisi saa saba akisema "tumepona" alikuwa ameondoka kabla vifaa vyake vya UTC havijavuka.

Mbona hakuna kilichotokea?

Vilitokea, ila vidogo, au mbali na macho. Tovuti ya kituo cha Marekani kinachotunza saa rasmi, Naval Observatory, ilionyesha mwaka 19100. Ndiyo, wenye saa. Uingereza, mashine za kadi zilizotolewa na HSBC zilianza kukataa kadi siku chache kabla ya mwaka mpya, kwa kuwa zilitazama siku nne mbele. Sheffield, programu ya hospitali iliyokokotoa umri wa wajawazito ilikosea, na zaidi ya wanawake 150 wakapewa makadirio yasiyo sahihi ya hatari ya hali ya kuzaliwa nayo iitwayo Down kwa watoto wao. Hilo la mwisho liligunduliwa miezi baadaye. Aliyesema hakuna lililotokea hakuwa mmoja wao.

Basi haikuwa ulaghai wa wauza kompyuta?

Walikuwepo wauzaji walionenepa, na vifaa vingi vilibadilishwa bila sababu ya tarehe. Lakini hitilafu zilizopatikana wakati wa kupima zilikuwa za kweli, na DNS yenye namba ya tarakimu mbili ingekwama kweli.

Fundi wa leo aangalie tarehe zipi?

19 Januari 2038, saa 03:14:07 UTC, ndipo hesabu ya sekunde ya Unix kwa biti 32 inapojaa. Linux ilipata njia ya kutumia biti 64 kwenye mashine za biti 32 katika toleo 5.6, mwaka 2020, lakini ruta au kamera iliyofungwa leo na femuwea ya zamani inaweza kuwa bado ukutani siku hiyo. NTP mwaka 2036. GPS tena Novemba 2038. Mzunguko wa pili, Aprili 2019, ulizima mtandao wa redio wa serikali ya jiji la New York.

Usingoje 2036. Tarehe ndogo ndogo huuma kila wakati. Vyeti vya usalama vilivyojitia sahihi vyenyewe kwenye matoleo mengi ya Cisco IOS viliisha vyote saa sita usiku ya 1 Januari 2020, na kifaa hakikuweza kutengeneza kipya mpaka kiboreshwe. Siku hiyohiyo, Splunk (programu ya kuchambua logi) isiyo na kiraka iliacha kuutambua mwaka wa tarakimu mbili kwenye logi. Kaunta ya muda wa kuwaka ya SNMP hurudi sifuri kila baada ya siku 497, na grafu yako itasema swichi imezimika usiku, kumbe haijaguswa.

Nina swichi ya 1998 bado inafanya kazi. Niitupe?

Si kwa sababu ya tarehe. Itapitisha fremu mwaka 2038 kama inavyopitisha leo, ikiwa feni yake itakuwa inazunguka. Sababu ya kuiondoa ni kwamba unaiingia kwa Telnet, nywila ikisafiri wazi kwenye waya, na hakuna atakayekuandikia kiraka. Ukilazimika kuibakiza, izimie anwani ya usimamizi, iache iwe habu bubu, na uiandike kwenye orodha pamoja na jina la mwenye ufunguo wa chumba.